Ng'ombe Akipunguza Maziwa, Tazama Majani Kwanza

Ndugu mkulima wa skimu, ng'ombe wako akipunguza maziwa kwa ghafla, unafanya nini kwanza? Hapa Kapkatet, na vivyo hivyo Litein, Roret na upande wa Sotik, wengi wetu hufanya mambo matatu. Kwanza tunamshuku mkamuaji kwamba anakunywa maziwa. Pili tunanunua sindano ya homa. Tatu, sindano isipofaa, tunamlaumu ng'ombe mwenyewe na kumpeleka mnadani kwa bei ya hasara. Ni wachache wanaokwenda kwenye hori, wakashika konzi moja ya majani, wakayatazama na kuyanusa.

Maoni yangu ni kwamba kutazama majani kunapasa kutangulia hayo yote. Ziko kuvu ndogo ambazo huishi ndani ya nyasi, katika masuke ya nafaka na katika mahindi yaliyolowa. Sumu zake kwa kawaida hazimwangushi ng'ombe siku ile ile. Zinamharibu polepole na kwa hila, kwa kuingilia ujumbe unaopita katika ubongo wake na homoni zinazoendesha kiwele na uzazi. Ng'ombe anakula, anacheua, anatembea, lakini maziwa hayaji na mimba haishiki. Na mwenye ng'ombe analipia dawa ya ugonjwa usiokuwapo.

MJUMBE WA UONGO

Yafaa kwanza tujue jinsi maziwa yanavyoamriwa mwilini. Chini ya ubongo wa ng'ombe kuna tezi ndogo iitwayo pituitari. Tezi hiyo hutoa homoni ya prolaktini, nayo ndiyo inayotayarisha kiwele kutoa maziwa, hasa siku za karibu na kuzaa. Lakini ubongo haukuipa tezi hiyo ruhusa ya kufanya ipendavyo. Unaizuia kwa kemikali iitwayo dopamini. Dopamini ikija kwa wingi, prolaktini hupungua. Dopamini ikipungua, prolaktini hutoka.

Sasa fikiri juu ya ghala la chama cha ushirika. Karani ameagizwa asitoe mbolea mwenyekiti akikataza. Akija mtu mwongo kila asubuhi na kusema, "Mwenyekiti amesema usifungue," karani atatii, na wanachama watarudi nyumbani mikono mitupu ingawa ghala limejaa. Ndivyo zinavyofanya sumu za kuvu za jamii ya ergoti. Umbo lake linafanana na umbo la dopamini, na tezi haiwezi kumtambua mjumbe wa kweli na mjumbe wa uongo. Inatii. Prolaktini inapungua, na kiwele kinanyauka ingawa hori limejaa.

Usidhani haya ni maneno ya vitabuni tu. Madaktari wa binadamu wametumia nguvu hiyo hiyo kwa faida. Dawa iitwayo bromokriptini, iliyotengenezwa kutokana na kemikali za ergoti, imetumika kukausha maziwa ya mama aliyejifungua ambaye hapaswi kunyonyesha. Na ergometrini, ambayo nayo asili yake ni kuvu hiyo, imetumika hospitalini kwa miaka mingi ili kuzuia damu baada ya mama kuzaa. Basi ikiwa kipimo kidogo cha daktari kinaweza kukausha maziwa ya mama, je, ng'ombe anayeila sumu hiyo asubuhi na jioni bila kipimo itakuwaje?

Tena sumu hizo hazimwigi dopamini peke yake. Huiga pia kemikali nyingine ya mwili iitwayo serotonini, na kwa njia hiyo huibana mishipa ya damu. Ng'ombe ambaye mishipa yake imebana hawezi kutoa joto la mwili. Jua likiwaka anahema, mate yanamtoka, anatafuta kivuli au anasimama matopeni, na kipimajoto kinaonyesha homa. Mwenyewe anasema ni ndigana na kuchoma sindano, lakini homa haishuki kwa kuwa si ya kupe. Wakati wa baridi mambo hugeuka: damu haifiki vizuri kwenye miguu, masikio na ncha ya mkia. Ng'ombe anachechemea, na sehemu hizo zaweza kufa na kukatika.

Jirani zetu wa Ethiopia wanajua ukali wa jambo hili kwa uchungu. Huko Wollo, mwaka 1977 na 1978, watu walikula nafaka iliyochanganyika na shayiri mwitu yenye ergoti. Watu wengi waliandikwa kuwa wameoza viungo, na wengine wakafa. Mwaka 2001 ugonjwa huo ulitokea tena nchini humo, katika jimbo la Arsi. Kuvu yenye uwezo wa kumkata mtu kidole cha mguu haishindwi na mkia wa ng'ombe.

MTAMA WETU ULIVYOIFUNDISHA DUNIA

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya nchi za mbali. La. Kuvu ya ergoti ya mtama iliandikwa katika Kenya tangu mwaka 1924. Kwa muda mrefu ilikaa Afrika, na waliohangaika nayo walikuwa wakulima wa mtama tu. Kisha ikasafiri. Mwaka 1995 ilionekana Brazili, mwaka 1996 ikafika Queensland katika Australia, na mwaka 1997 ikaingia Marekani kupitia Texas.

Ni huko Queensland ambako wafugaji walifunguliwa macho. Nguruwe waliolishwa mtama wenye kuvu hiyo walizaa bila kuwa na maziwa, na watoto wao wakafa kwa njaa. Ng'ombe wa maziwa nao wakapunguza. Wataalamu walipochunguza wakakuta ni habari ile ile ya prolaktini iliyozuiwa. Kuvu hiyo ilikuwa imejulikana kwetu zaidi ya miaka 70, lakini waliojifunza madhara yake kwa kiwele ni watu wa ng'ambo.

Basi ndugu mkulima, wewe unayepanda mtama wa kulisha ng'ombe, ijue dalili yake. Ergoti huingia wakati mtama unapochanua, hasa hali ya hewa ikiwa ya baridi na mvua. Nasi katika nchi hii ya chai hatukosi vyote viwili. Mahali pa mbegu hutoka utomvu mtamu unaonata vidole, na nzi na nyuki huujia. Mvua na unyevu ukizidi, utomvu huo hugeuka mweupe kama unga juu ya suke na majani. Ukiona hivyo, usimkatie ng'ombe masuke hayo. Na iko njia iliyo rahisi kuliko kukagua kila suke: ukate mtama wa malisho kabla haujachanua. Kuvu hii hushika ua, na pasipo ua haina pa kuingilia.

NYASI NZURI YENYE SIRI

Sasa nitaeleza habari ya kuvu isiyoonekana kwa macho kabisa, kwa sababu inahusu mbegu ambazo huenda ukaletewa.

Mwaka 1931 mtaalamu mmoja wa kilimo katika Kentucky, Marekani, aliona kwenye mlima nyasi iitwayo fescue ndefu iliyokaa kijani wakati nyingine zimekauka. Mwaka 1943 mbegu zake zilitolewa kwa wakulima kwa jina la Kentucky 31. Nyasi hiyo ilistahimili ukame, wadudu na kwato. Ilipandwa mamilioni ya ekari. Lakini ng'ombe walioilisha walikuwa na manyoya marefu wakati wa joto, walichechemea, hawakunenepa, hawakushika mimba vizuri na maziwa yao yalipungua. Watu walishangaa miaka mingi, maana majani yalikuwa mazuri mno. Mpaka mwaka 1977 ndipo watafiti wa serikali ya Marekani katika Georgia walipoeleza kwamba ndani ya nyasi hiyo kuna kuvu inayoishi tangu mbegu hadi mbegu bila kuonyesha alama yoyote nje.

Hapo ndipo penye fundisho. Kuvu hiyo ndiyo iliyoipa nyasi nguvu ya kushinda ukame na wadudu, na kuvu hiyo hiyo ndiyo iliyotoa sumu ya kumzuia ng'ombe maziwa. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Usiogope bure. Nyasi zetu za kawaida, yaani nyasi ya Kikuyu, Rhodes na nepia, hazibebi kuvu hiyo ya fescue. Na nepia yenye masuke meusi kama masizi ina kuvu ya namna nyingine, ambayo hudhoofisha na kuua shina lakini haimwigi dopamini. Dawa yake ni kung'oa shina lote na kupanda aina inayostahimili, kama ile iitwayo Kakamega 1. Lakini mtu akija na mbegu za fescue au za nyasi ya rai kutoka ng'ambo, na kuzisifu kwamba hazikauki wala haziliwi na wadudu, muulize swali moja: "Je, mbegu hizi zina kuvu ndani, na ni kuvu ya aina gani?" Marekani na New Zealand sasa ziko mbegu zenye kuvu iliyochaguliwa, isiyomdhuru mnyama kama ile ya zamani. Muuzaji asiyejua jibu, mbegu zake na zibaki dukani.

NG'OMBE ANAYEYUMBA

Ziko kuvu nyingine ambazo hazishughuliki na maziwa bali na neva. Nyasi za jamii ya Paspalum, ambazo humea penye unyevu na bondeni, zaweza kushikwa na ergoti yake kwenye mbegu. Katika nchi nyingi ng'ombe waliokula masuke hayo wametetemeka kichwa na shingo, wakatembea kama mlevi na kuanguka wakikimbizwa. New Zealand kondoo na ng'ombe hufanya hivyo kwa nyasi ya rai, na mwaka 1981 wataalamu waliitambua sumu yake, iitwayo lolitremu. Sumu hizi huvuruga ujumbe wa ubongo kwa misuli, hata mnyama asiweze kuutawala mwili wake.

Jambo la kushukuru ni kwamba mnyama wa namna hii kwa kawaida hupona akiondolewa kwenye majani hayo. Wengi wanaokufa huuawa na mto, shimo au waya walimoanguka kwa kukimbizwa. Basi ng'ombe akitetemeka, usimpigie kelele wala kumfukuza kwa mbwa. Mwongoze polepole mahali tambarare, umpe majani mengine na maji.

Lakini sikiliza onyo hili. Ng'ombe kuyumba ni dalili pia ya kichaa cha mbwa, na ya magonjwa mengine makali. Usitie mkono kinywani mwake kutazama kama amekwamwa. Mwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo na umwambie ng'ombe alichunga wapi.

MAHINDI MABOVU SI CHAKULA CHA NG'OMBE

Sasa naja kwenye kosa lililo la kawaida zaidi kwetu. Mahindi yakiota ukungu, mama wa nyumbani anayachagua: mazuri ya ugali, mabovu ya ng'ombe. Mabua yaliyolala mvuani mpaka yakawa na rangi ya waridi au kijivu, ni ya ng'ombe. Unga wa ng'ombe ulioshikana mabonge, ni wa ng'ombe. Mimi napinga desturi hii kwa nguvu zote.

Kuvu iitwayo Fusarium, ambayo hupenda mahindi yaliyochelewa kukauka shambani, hutoa sumu ya zearalenoni. Sumu hiyo huiga estrojeni, homoni ya kike. Ng'ombe anaonyesha joto lisilo la kweli, uke unavimba, anapandishwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mimba haishiki. Nguruwe huumia zaidi ya ng'ombe. New Zealand sumu hiyo hiyo imekutwa hata kwenye nyasi za malisho, na kondoo jike wakakosa mayai ya uzazi. Hapa kwetu mtu hulaumu dume la jirani, au mpandishaji aliyekuja na mbegu za kupandikiza, kumbe mlaumiwa yuko ndani ya gunia.

Na iko sumu ya pili, aflatoksini, ambayo ni habari ya watoto wako hasa. Wakenya hawawezi kusahau mwaka 2004, mahindi mabovu yalipowaugua watu 317 katika sehemu za Ukambani na jirani zake, na 125 wakafa. Ng'ombe akila sumu hiyo, sehemu yake hutoka katika maziwa. Kuchemsha hakuiondoi. Kugandisha maziwa kwenye kibuyu kuwa mursik hakutoshi kuiondoa. Basi yule aliyesema, "Sili mahindi haya, nampa ng'ombe," atayanywa jioni kikombeni, na mtoto wake atayanywa kabla yake.

"BABA ZETU HAWAKUYAJUA HAYA"

Najua jibu la wazee. Watasema, "Baba zetu walichunga ng'ombe katika nchi hii vizazi vingi, wala hawakutazama nyasi kwa miwani." Neno hilo ni kweli, lakini halitoshi.

Baba zetu walikuwa na nchi pana. Ng'ombe alitembea akichagua, na palipokuwa pabaya alipapita. Tena alikuwa ng'ombe wa asili, mwenye maziwa machache na mwili mgumu. Skimu zilipoanza mwaka 1962, katika mpango wa ekari milioni moja, walowezi wapya walipata ng'ombe wa gredi kwa mikopo. Ng'ombe wa gredi ni mashine ya maziwa, na homoni zake zikivurugwa hasara huonekana mara moja. Tangu hapo mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu, chai imechukua sehemu kubwa, na ng'ombe amefungwa bandani. Hachagui tena. Anakula kile ulichomletea mgongoni, hata kama ni masuke ya kando ya barabara. Ndugu, zamani ng'ombe alijichunga kwa ulimi wake. Leo wewe ndiwe ulimi wake.

Mwingine atasema, "Mimi ni maskini, siwezi kutupa mzigo wa majani." Basi tupige hesabu ya mfano. Ng'ombe aliyekuwa akitoa lita 8 akipunguza lita 2 tu kila siku, kwa siku 30 umepoteza lita 60. Zidisha kwa bei unayolipwa na chama chako. Ongeza sindano mbili ambazo hazikufaa. Ongeza kumpandisha mara ya pili, na siku 21 za kungoja joto jingine. Kisha uniambie kama mzigo ule wa mabua ulikuwa wa thamani hiyo.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, kata au chunga nyasi kabla hazijachanua. Majani machanga yana nguvu zaidi kwa maziwa, na ergoti nyingi hukaa kwenye masuke. Hii ni faida mara mbili kwa kazi moja.

Pili, nyasi zikiwa zimekwisha kutoa masuke, yatazame. Punje nyeusi au ya zambarau iliyotokeza kama pembe, au utomvu unaonata, ni alama ya hatari. Fyeka masuke hayo uyazike.

Tatu, weka unga wa ng'ombe na mahindi juu ya mbao, mbali na ukuta na sakafu yenye unyevu. Sehemu yoyote ya saileji au majani makavu iliyoota ukungu itupe. Usiichanganye na nzuri ili ipungue ukali. Wala usiwape kuku au nguruwe.

Nne, uwe na daftari. Andika lita za kila ng'ombe kila siku, tarehe ya joto, tarehe ya kupandishwa, na siku ulipobadilisha majani au kufungua gunia jipya. Mkulima asiye na daftari husema "juzi juzi." Mwenye daftari husema "siku ya pili baada ya kufungua gunia," na Bwana Mifugo huelewa mara moja.

Tano, ukishuku majani, badilisha chakula siku hiyo hiyo, na uweke konzi mbili za kile kilichoshukiwa katika mfuko wa karatasi. Usitumie nailoni, maana humo yatavunda na kuharibu ushahidi. Mpe Bwana Mifugo, naye aweza kuyapeleka kwenye maabara ya mifugo Kericho au Kabete.

Na sita, usiache kazi nyingine kwa sababu ya haya. Maziwa hupungua pia kwa ugonjwa wa kiwele, kwa minyoo, kwa kupe na kwa kukosa maji. Endelea kuogesha na kupima kiwele. Ninalosema ni kwamba majani yaingie katika orodha, na yaingie juu, kwa kuwa kuyatazama hakuna gharama.

Kwa viongozi wa vyama vya ushirika nina neno moja. Katika mikutano yenu na siku za maonyesho ya shambani, wakulima huonyeshwa ndama wazuri, mashine za kukata majani na madawa. Safari ijayo wekeni mezani suke zima na suke lenye ergoti, mahindi mema na mahindi yenye ukungu, kila mtu ashike kwa mkono wake. Jambo hilo litawafaa wanachama kuliko hotuba ndefu.

Ndugu mkulima, kiwele hujazwa na kile ulichokata shambani leo asubuhi. Kesho, kabla ya kutua mzigo horini, fungua kamba, utandaze majani, uyatazame.